Kadi ya Marko

Siku ya tisa tangu azaliwe, Marko alianza kulia saa mbili na robo asubuhi, na baba yake akavuta kiti akaketi mlangoni pa chumba kama askari wa zamu. Mkononi alishika saa yake ya mfukoni. Magotini aliweka sahani ya karanga za kukaanga.

"Saa nne," alisema Methusela. "Si kabla."

Yudith alikuwa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani. Kila mtoto alipolia maziwa yalimtoka yenyewe, yakapenya kanga, yakamtiririka tumboni mpaka kwenye shuka. Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha. Marko alikuwa anaisikia harufu hiyo. Aligeuza shingo huku na huku, kinywa wazi, akaupata mkunjo wa kanga, akaanza kuunyonya mkunjo. Jamani! Mtoto ananyonya nguo, maziwa yanamwagika shibiri moja kutoka mdomoni mwake, na mtu mzima mwenye akili zake, karani wa tikiti wa stesheni ya Dodoma, anatafuna karanga na kuhesabu dakika.

"Baba Marko, saa kumi na mbili alinyonya kidogo tu. Alisinzia."

"Dakika kumi kila upande. Zilitimia, nilikuwa natazama mwenyewe."

"Alisinzia katikati."

"Hilo ni shauri lake. Abiria akisinzia, treni inamngoja?"

Neno hilo lilimfurahisha sana. Alicheka peke yake, maganda mekundu ya karanga yamemganda kwenye meno, kisha akamwambia mkewe amletee chai. Kilikuwa kikombe cha tatu tangu kupambazuke. Yeye alikula alipoona njaa na kunywa alipoona kiu, na hakuna aliyemwekea saa.

Kadi ilikuwa imepigiliwa ukutani kwa misumari miwili. Ilitoka kliniki ya watoto iliyokuwa ikifunguliwa kila Jumamosi karibu na nyumba za wakubwa wa reli, na aliyeianzisha alikuwa memsahibu wa Kizungu, mke wa mkubwa mwenyewe. Mtoto anyonye mara tano: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Baada ya hapo alie mpaka akome. Kila akinyonya, kadi itiwe alama. Mtoto akifika miezi mitatu kuna Siku ya Watoto, na kadi yenye pengo hata moja haishindanishwi. Methusela hakuwa mjinga. Nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi tangu Julai, na aliona wazi kwamba njia ya kuifikia inapita kwenye kadi hiyo.

Lakini msiharakishe kumwonea Yudith huruma. Methusela alipokuwa kazini, nani alimzuia? Hakuna. Ni yeye mwenyewe aliyejizuia. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa kuhara akiwa na miezi minne, na Nesi Ruthu wa kliniki ile, mwanamke wa kanisa moja naye, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa wanga, alimwambia mbele za watu: "Ulimuua wewe, kwa kumpachika titi kila akifungua mdomo. Maziwa mapya juu ya maziwa ya zamani yanaozea tumboni." Mwanamke akishaambiwa hivyo, anaweza kukaa mbele ya mtoto anayelia, maziwa yanamchuruzika, akauma kanga na kungoja.

Mama mkwe ndiye angeweza kusaidia. Alikuja kutoka Bahi siku ya tatu, na kapu la unga wa uwele na mlenda mkavu, aje amtunze mzazi kama desturi. Alimkuta mjukuu analia, akanyoosha mikono, akasema, "Mpe titi huyu, mnangoja nini?" Jioni ile ile mwanawe alimkatia tikiti, akampandisha treni ya kurudi. Alimwambia nyumba ni ndogo. Bibi yule aliondoka bila hata kuonja maji, na unga wake akauacha.

*

Jumamosi walikwenda kupima uzito. Siku ya kuzaliwa Marko alikuwa na ratili saba na nusu. Sasa mizani ilisimama kwenye ratili sita na wakia kumi, na Nesi Ruthu akaigonga kwa kucha kuona kama imekwama. Haikuwa imekwama.

"Unamnyonyesha ovyo," alisema.

"Hapana, Nesi. Nafuata kadi. Naye anataka kila wakati. Akitoka tu, anataka tena."

"Anayetaka kila wakati ni mtoto aliyedekezwa. Fungua kifua."

"Hapa?"

"Unataka nikujengee nyumba?"

Benchi lilikuwa limejaa wanawake, na mlangoni alisimama mpishi wa memsahibu aliyeleta maji ya moto. Yudith alifungua. Nesi alimshika titi kama anayebonyeza papai sokoni, akalikamua kwa nguvu, tone likaangukia sakafu ya saruji. Alilitazama tone, akalifuta kwa kiatu.

"Maji matupu," alisema. "Maziwa yako ni mepesi, ndiyo maana. Akilia katikati ya saa mpe maji yaliyochemshwa. Na usimbebe. Kubebwa kunamfundisha kulia."

Mpishi bado alikuwa mlangoni anatazama. Yudith alifunga nguo, akasema, "Ahsante, Nesi." Ahsante! Mpaka leo sijui alikuwa anashukuru kitu gani.

Wiki iliyofuata walimpa Marko maji, kijiko baada ya kijiko. Alilia siku mbili. Siku ya tatu kilio kikawa kidogo, na ya nne nyumba ikanyamaza kabisa. Methusela aliporudi kazini alisimama sebuleni akasikiliza, akatabasamu mpaka masikioni.

"Si nilikwambia? Ameshaishika ratiba!"

Alikwenda jirani kutangaza. Jirani alikuwa Mwamvua, mke wa fundi wa mabehewa, mama wa watoto saba aliyelelewa Tabora, na ukuta wa kota zao ulikuwa mmoja. Mwamvua alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alasiri, Methusela akiwa kazini, Mwamvua alipiga hodi mara moja akaingia bila kungoja jibu.

"Shikamoo, mama," alisema Yudith.

"Marahaba. Mbona huyu halii?"

"Amezoea, mama."

Mwamvua alimwinua mtoto kwenye shuka. Alimpitisha kidole utosini, palikuwa pamebonyea. Alimfungua mdomo, akautazama ulimi uliokauka. Akaibana ngozi ya tumbo, nayo ikabaki imesimama. Mwanamke yule aliyezaa mara saba na kuzika mara mbili aliingiwa na hasira mpaka akashindwa kuzungumza taratibu.

"Amezoea nini? Amezoea kufa? Mtoto huyu hana nguvu ya kulia, mwanangu, wewe unakaa hapo unaniambia amezoea!"

"Nesi alisema..."

"Mweke kifuani."

"Ni saa tisa na nusu, mama. Mpaka saa kumi na mbili. Nesi alisema maziwa juu ya maziwa..."

"Basi nenda kwa huyo Nesi wako sasa hivi!" alipiga kelele Mwamvua. "Nenda na maiti yako mkononi, akueleze!"

*

Kota za manesi hazikuwa mbali. Yudith alikimbia na mtoto kifuani, vumbi la alasiri linampiga usoni, na moyoni alikuwa bado anaomba dawa: labda kuna chupa, labda kuna sindano, Nesi anajua. Alipiga hodi akaambiwa karibu.

Ruthu alikuwa ameketi mkekani, hana kofia, miguu ameinyoosha. Mkono mmoja ulishika kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mkono mwingine ulimshika mtoto wake, wa miezi mitano, mnene, mikunjo ya mapaja imejaa poda, ananyonya kwa sauti. Alikuwa ananyonya, anaacha, anacheza na kifungo cha mama yake, anarudi kunyonya.

Yudith alisimama. Alitazama kote ukutani. Hapakuwa na kadi.

"Nesi, wa kwako ananyonya saa hizi?"

"Kuna joto. Alikuwa anasumbua." Ruthu alitafuna muhogo wake. "Una shida gani?"

"Ananyonya mara ngapi kwa siku?"

"Sasa nani anahesabu?"

Hapo Ruthu mwenyewe aliyasikia maneno yake. Aliweka muhogo chini. Lakini mtoto hakumtoa.

"Usinitazame hivyo, Yudith. Kadi ni mambo ya kliniki. Memsahibu ana kitabu chake kutoka kwao, na mimi naambiwa niseme, nasema. Nikiacha kusema, kesho atawekwa mwingine wa kusema. Wewe huna akili zako? Hukuzaliwa na mama?"

"Nilidhani wewe ndiye mwenye akili."

Ruthu alipangusa vidole mkekani.

"Na yule wa kwanza?" aliuliza Yudith, na sauti ilimtoka ndogo sana. "Uliniambia nilimuua."

Ruthu alimgeuza mtoto wake, akamweka titi la pili, akalifuta la kwanza kwa pindo la kanga.

"Ndivyo tunavyowaambia," alisema.

Mate yalimjaa Yudith mdomoni. Alitoka mbio, akafika nyuma ya ua wa minyaa, akatapika akiwa amesimama, mkono mmoja umemkumbatia Marko asianguke. Alikuwa akimtapika Ruthu na muhogo wake na poda ya mapaja, na akijitapika mwenyewe zaidi, kwa wiki tatu za kungoja na kwa ile ahsante aliyoitoa. Aliporudi nyumbani Mwamvua alikuwa bado amekaa pale pale.

"Amesemaje?"

"Nifundishe, mama," alisema Yudith.

*

Matiti yaliyokuwa yanamwagika wiki mbili nyuma sasa yalikuwa yamelegea. Yalipokamuliwa yalitoa matone, na Mwamvua aliyakinga kwa kijiko cha chai, akamtia Marko tone moja moja nyuma ya ulimi. Tone la kumi alimeza. La ishirini alifungua macho. Jioni aliweza kushika chuchu, akanyonya mara tatu, akaiacha, akasinzia.

"Mweke tena," alisema Mwamvua.

"Amenyonya sasa hivi."

"Ndiyo. Na sasa hivi anataka tena. Kwani tumbo lake ukubwa gani? Kama ngumi yake hiyo. Maziwa yameambiwa mtoto hayupo, yamekwenda zao. Akinyonya yatajua yupo, yatarudi. Wewe una safari?"

Hakuwa na safari. Marko alinyonya, akasinzia, akaamka, akanyonya, na moto haukuwashwa wala maji hayakutekwa. Saa kumi na mbili na nusu Methusela aliingia, akakuta hakuna ugali. Akamkuta jirani ameketi kwenye kiti chake, na mkewe kifua wazi.

"Hii ni nini? Umeanza saa ngapi?"

"Tangu saa kumi."

"Tangu saa kumi!" Aliikimbilia kadi ukutani kana kwamba ndiyo inayokata roho. "Unajua umefanya nini? Mumtoe! Mtoe sasa hivi!"

Alinyoosha mkono amchukue mtoto. Yudith hakuinuka. Alimtazama tu, na Methusela aliyaona macho ambayo hakuwahi kuyaona katika miaka minne ya ndoa.

"Ukimgusa," alisema Yudith, "nitatoka hivi hivi nilivyo, niende stesheni, niseme mbele ya treni ya jioni kwamba karani wa tikiti anamuua mtoto wake kwa njaa."

"Na mimi nitamshika mkono nimpeleke," alisema Mwamvua.

Methusela aliwatazama wote wawili. Mwanamume yule hakuogopa Mungu wala kifo cha mwanawe, aliogopa abiria. Alirudisha mkono mfukoni, akaenda kununua maandazi akala peke yake.

Siku ya tano maziwa yalirudi. Siku ya kumi Marko alikuwa na shavu. Alinyonya mara kumi, mara kumi na nne, nani alihesabu, mchana na usiku, na Yudith alilala naye ubavuni. Jioni moja Methusela alisimama akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akambonyeza paja kama anayenunua mbuzi mnadani.

"Ananenepa," alisema.

"Ananyonya."

"Basi nyonyesha unavyotaka." Akaing'oa kadi ukutani. "Hii niachie mimi."

Alikaa mezani na, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, akajaza siku zilizopita, zote, hakuna pengo. Alitumia kalamu mbili, akibadilisha ili ionekane ni siku mbalimbali. Alipomaliza zilizopita akaendelea kujaza zinazokuja, mpaka mwisho wa mwezi, akipuliza wino ukauke na kupiga mluzi wimbo wa kanisani. Yudith alikuwa hatua mbili kutoka pale, mtoto kifuani. Aliona kila alama ikitiwa. Lakini mtoto alikuwa anameza, na yeye akanyamaza kimya.

*

Siku ya Watoto ilifanyika uwanjani mbele ya kliniki, chini ya turubai. Marko alikuwa na ratili kumi na nne. Hakuna mtoto aliyemkaribia. Memsahibu alimwinua juu kwa mikono miwili, na Nesi Ruthu akainua kadi.

"Mtoto hii nzuri sana!" alisema memsahibu. "Sababu mama yake nafuata saa. Nyinyi yote, fanya kama hii!"

Wanawake walipiga makofi. Ruthu alipiga makofi pia, na alipokutana macho na Yudith alitazama kando, akarekebisha kofia.

Methusela alipewa nafasi ya kusema neno, na hakuishia kwenye neno moja. Aliwaeleza kina mama kwamba shida ya Waafrika ni kutojua saa. Alisema kilio cha mtoto ni uongo wa kwanza wa binadamu. Alisema usiku alikuwa akiamka mwenyewe kuhakikisha mtoto hanyonyi. Kumbe Marko alishaanza kugeuza kichwa anatafuta, na Yudith akapeleka mkono kifuani. Methusela alimwahi, akamchukua mtoto bila kukatiza hotuba, akamtia kidole chake mdomoni anyonye. Kidole kile kile chenye doa la wino. Marko alikinyonya, akakunja uso, akakinyonya tena, na memsahibu akacheka kwa furaha akisema baba mzuri, baba mzuri sana.

Walipewa blanketi. Kadi ilitiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa mlangoni pa kliniki, kila mama aione anapoingia. Wiki mbili baadaye Methusela alikuwa karani mkuu.

*

Mvua zilikuwa zimeanza Methusela alipopata hadithi mpya ya kusimulia kwenye chakula.

"Kuna mama mmoja, mke wa mpagazi wetu. Hana saa nyumbani. Basi kila siku anakuja stesheni na mtoto wake mchanga, anakaa chini ya saa kubwa. Mtoto analia, yeye anangoja. Kusoma saa hajui, anakuja dirishani kuniuliza: Bwana karani, bado? Namwambia bado. Ikifika namgongea kioo." Alicheka akimega ugali. "Anatia bidii kuliko waliosoma."

Yudith aliacha kula. "Mtoto wake ana siku ngapi?"

"Nitajuaje? Mchanga. Nimemwambia aje Jumapili umfundishe."

Akaja. Jina lake Mwajabu, alikuwa binti mdogo kutoka upande wa Kondoa, uzazi wa kwanza, amevaa kanga iliyolowa maziwa mpaka kiunoni. Alisalimia kwa kupiga goti. Hakuketi kwenye kiti alichoonyeshwa, aliketi sakafuni.

"Dada, Nesi kaniambia niangalie kadi yako mlangoni. Nimeiangalia. Mimi kuandika sijui, naweka msalaba." Alitoa kadi yake kutoka kifuani akaionyesha. "Nimeweka yote. Lakini Mwanahawa wangu alikuwa analia sana, dada, kila baada ya kidogo anataka. Hata kabla sijafunga nguo, anataka. Sasa tangu juzi kanyamaza."

"Si unaona?" alisema Methusela kutoka kitini. "Ameanza kushika. Wetu alifanya hivyo hivyo."

Yudith alimfunua mtoto. Hakuwa na haja ya kumgusa. Aliuona utosi.

Alinyanyua macho, na Methusela alikuwa anamtazama. Suruali yake ya ukarani mkuu ilikuwa imepigwa pasi. Hakukunja uso. Alitikisa tu kidole kidogo sana, hivi, juu ya goti.

"Nikusindikize," alisema Yudith.

Methusela akainuka naye, akawafuata mpaka mlangoni, akasimama kati yao anazungumza habari za mvua. Mwajabu alijifunga kanga, akamgeukia Yudith.

"Dada, niambie kweli. Wewe wako ulikuwa unamwacha analia?"

Neno moja tu lilihitajika. Mdomo ulikuwa wake, ulimi ulikuwa wake. Yule aliyetishia kwenda kifua wazi mbele ya treni kwa ajili ya mwanawe, kwa ajili ya mtoto wa mwingine alisimama anakunja pindo la kanga. Alifikiria kota, ambayo ni ya reli. Alifikiria watu watasemaje.

"Nilimwacha," alisema.

"Haya, dada. Mungu akubariki." Na Mwajabu akapiga goti tena, akaenda zake kwenye manyunyu.

Usiku ule Yudith alijiambia kesho atamtafuta. Kesho yake ilikuwa siku ya kufua. Siku iliyofuata hakujua binti yule anakaa wapi, na kumuuliza mumewe hakuthubutu. Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa. Ndivyo mtu anavyoupitisha uchafu wake mwenyewe, siku moja moja, kila moja na sababu yake nzuri.

*

Jumamosi benchi la kliniki lilikuwa limejaa kama kawaida, wanawake kumi na tano au zaidi, na vilio vya kila namna. Yudith alikuja kumpima Marko. Alipita chini ya kioo chenye jina la mwanawe bila kukitazama, akatafuta pa kukaa, akamwona Mwajabu mwishoni mwa benchi.

Mwajabu hakuwa na mtoto. Alikuwa amekaa wima, kanga kavu, kadi mapajani.

"Mwanahawa yuko wapi?" aliuliza Yudith, ingawa alishajua.

"Tulimzika Jumatano." Alisema hivyo kwa adabu, kama anayejibu salamu. "Nesi kaniletea ujumbe kwamba kadi ni mali ya kliniki, nirudishe. Wasije wakanidai."

Yudith alibaki amesimama. Nesi Ruthu alikuwa mezani anaita jina, mama mwenye mtoto wa siku chache aliinuka, na mtoto wake analia kilio kile kile, shingo inageuka, mdomo wazi, na yule mama anamtikisa akimwambia, "Bado mwanangu, bado kidogo, nyamaza."

"Mnyonyeshe," alisema Yudith.

Yule mama aligeuka, hajui kama ni yeye anayeambiwa.

"Mnyonyeshe huyo! Nyote, wanyonyesheni!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka Marko akashtuka mgongoni. "Ile kadi mlangoni ni ya mwanangu, na ni uongo. Aliijaza mume wangu mezani kwa kalamu mbili. Mwanangu alitaka kufa kwa ajili ya kadi ile. Alipona kwa sababu nilimnyonyesha kila alipotaka, mchana na usiku, na hata leo ni hivyo hivyo."

"Yudith!" Ruthu alisimama, akatazama mlango wa chumba cha memsahibu. "Nyamaza! Una wazimu?"

"Muulizeni Nesi wa kwake ananyonya saa ngapi. Muulizeni!"

Wanawake wakamgeukia Ruthu. Ruthu akaanza kupanga karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa. Yule mama mwenye mtoto wa siku chache aliketi chini pale pale sakafuni, akafungua nguo. Kilio kimoja kikakatika. Kisha kingine.

Mwajabu alikuwa ameinuka. Alikuja taratibu mpaka mbele ya Yudith, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamtazama Marko na mashavu yake.

"Nilipokuja kwako Jumapili," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mwajabu aliinyoosha ile kadi kwa mikono miwili, kama binti aliyefundishwa adabu anavyompa mkubwa wake kitu. Misalaba ilikuwa imepangwa mistari kwa mistari, mitano kila siku, hakuna pengo hata moja mpaka Jumanne.

"Shika," alisema. "Nimeambiwa nirudishe kwa mwenyewe."